Hadithi za Kutisha Darasani: Nani Hasa Anayeogopa?

Mwaka jana niliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha, ambayo jina lake nitalihifadhi. Nilimkuta mama mmoja ameketi, daftari la binti yake li mapajani. Baada ya kuamkiana alinena pole pole, bila ya hasira: "Mwalimu, mimi nilimleta mtoto hapa afundishwe Kiingereza. Sikumleta afundishwe kufufua maiti."

Mwalimu mkuu hakutaka makuu. Aliniagiza nikusanye vitabu nivirudishe stoo mpaka bodi ya shule ikutane. Bodi imekutana mara mbili tangu siku hiyo, na habari ya vitabu haijatajwa.

Hadithi iliyoleta mashtaka hayo ni "The Monkey's Paw" ya Mwingereza W. W. Jacobs, iliyotoka mwaka 1902. Kwa wasioijua, ni hivi. Mzee White, mkewe na kijana wao wanatembelewa na askari mstaafu aliyetoka Bara Hindi na mkono mkavu wa nyani, ambao yasemekana hutimiza maombi matatu. Mzee anaomba pauni 200 amalize deni la nyumba. Kesho yake anakuja mtu wa kiwandani: kijana amenaswa na mashine, amekufa, na kampuni, ingawa haikiri kosa, inatoa fidia. Kiasi gani? Pauni 200. Baada ya mazishi mama anamlazimisha mumewe aombe mtoto arudi. Usiku mlango unabishwa. Mama anahangaika na komeo, baba anapapasa sakafuni autafute ule mkono, aombe ombi la mwisho. Mlango unapofunguliwa, nje ni barabara tupu.

Nawauliza wasomaji, pana mafunzo gani ya ushetani hapo? Wanafunzi wangu wa Gredi ya 8 hawakuona lolote. Waliona fidia. Mmoja alisema kwa uchungu kwamba kampuni hulipa upesi pale inapotaka watu wanyamaze. Mwingine, aliyetoka pande za ziwani, alitukumbusha Nyamgondho, yule mvuvi wa Waluo aliyenasa bikizee wavuni akatajirika, kisha akamtukana, na mali yote ikamfuata bikizee majini. Darasa zima likachangamka. Wala sikuwa nimepanga hivyo.

Hata hivyo sitaki kuwacheka wazazi. Hofu yao ina historia. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza uabudu shetani nchini, na ripoti yake ilipowekwa wazi mwaka 1999 shule zilikuwa miongoni mwa mahali palipotajwa. Sisi tuliokuwa wanafunzi wakati huo twakumbuka jinsi pete au picha kwenye jalada la kitabu ilivyotosha kumtia mtu mashakani. Aliyekuwa mtoto siku zile leo ni mzazi, na akisikia mwalimu anasomesha hadithi za wafu, masikio humsimama.

Lakini fasihi hii, ambayo Wazungu waliipa jina la gothiki tangu Horace Walpole alipoandika riwaya ya ngome yenye mizuka mwaka 1764, haihubiri mizuka. Chukua "The Tell-Tale Heart" ya Mmarekani Edgar Allan Poe, ya mwaka 1843. Huko kwao husomwa sana na watoto wa miaka 13 na 14, kwani ni fupi, humalizika katika kipindi kimoja. Msimulizi anatuapia tangu mwanzo kwamba yeye si mwendawazimu, na kadiri anavyoapa ndivyo tunavyozidi kumshuku. Amemuua mzee anayedai alimpenda, kwa sababu ya jicho lake tu, akamficha chini ya mbao za sakafu. Polisi wanapokuja anawakaribisha viti pale pale. Kisha anasikia moyo ukipiga.

Mimi huwaambia wanafunzi: nyinyi ndio polisi, andikeni ripoti yenu, lakini msiandike ila mlichokiona na kukisikia. Huanza kwa mbio, kisha kalamu zinasimama. Polisi hawakusikia moyo wowote! Kumbe mambo yote tuliyoyaamini yametoka kinywani mwa mtu mmoja, naye ndiye muuaji. Katika zama hizi ambapo mtoto hupokea habari kumi kwa simu kabla ya chai ya asubuhi, kila moja ikiapa kuwa ni ya kweli, sijui somo jingine la lugha linalofaa kuliko hilo.

Na wale wanaosema ushairi wa Poe ni mgumu kwa mtoto wa Kenya, nadhani hawajajaribu. Shairi lake la kunguru, "The Raven", la mwaka 1845, lina vina vya kati na vina vya mwisho, na kila ubeti unafungwa kwa mshororo mfupi wenye sauti ile ile. Mtoto aliyefundishwa ukwapi, utao na kibwagizo na mwalimu wake wa Kiswahili ana macho ya kuyaona hayo. Tulipolisoma walipiga madawati kama ngoma. Baadaye ndipo nikawaambia kwamba Poe alilichapisha shairi hilo la mfiwa wakati mkewe akiugua kifua kikuu, maradhi yaliyomuua mwaka 1847. Kelele zikaisha.

Uingereza nako, tangu mtaala uliobadilishwa mwaka 2015, mtahiniwa wa fasihi hana budi kusoma riwaya nzima ya karne ya 19, na miongoni mwa zinazochaguliwa ni "Frankenstein" ya Mary Shelley, msichana aliyeianza akiwa na miaka 18 tu, mwaka 1816. Filamu yake mpya ya Guillermo del Toro ilitoka mwaka 2025, na watoto wetu wenye intaneti wameiona. Waulize Frankenstein ni nani. Wengi watasema ni lile zimwi. La hasha, ni mwanafunzi wa sayansi aliyeliunda kisha akalikimbia.

Lipo lawama moja ninalolikubali. Hofu za vitabu hivi ni hofu za wenyewe: mkono wa balaa unatoka Bara Hindi, mnyonya damu Dracula anatoka mashariki ya Ulaya kuja London. Toni Morrison alionyesha mwaka 1992, akimtaja Poe huyu huyu, jinsi waandishi weupe wa Marekani walivyojengea hofu zao juu ya mtu mweusi. Mwalimu asiyelitaja hilo amefundisha nusu. Tena ningependa kuona "Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammad Said Abdulla, ya mwaka 1960, ikisomwa bega kwa bega nazo. Humo watu wanaogopa mzimu, naye Bwana Msa anamtafuta binadamu.

Sasa nirudi kwa lile daftari. Mama aliponipa nilisome, niliona swali langu mwenyewe: Ungepewa ombi la pili, ungeomba nini? Wenzake walikuwa wameandika mambo ya pesa na simu. Binti huyu aliandika kwamba angemwomba baba yake, aliyezikwa Aprili, na kwamba yeye asingehangaika na komeo kama yule mama wa hadithini. Angeacha mlango wazi tangu jioni.

Sikujua kama amefiwa. Mwalimu wake wa darasa alijua, nami sikuuliza. Nilimwomba mama radhi kwa hilo, si kwa hadithi, na sidhani kama aliona tofauti. Siku hizi, kabla ya kufungua kitabu cha namna hiyo, hupita kwanza kwa mwalimu wa darasa na orodha ya majina mkononi.

Muhula uliopita binti huyo alinisimamisha nje ya maktaba akaniuliza kama naweza kumwazima kitabu amalizie hadithi zilizobaki. Nilimwambia akamwulize mama yake kwanza. Hajarudi na jibu.