SHOKI YA HEWA: TUCHAGUE KWA KIPIMO, SI KWA KUNG'AA

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Siku hizi baisikeli za milimani zenye shokabzoba mbele na nyuma, zile za mitumba kutoka ng'ambo, zinapatikana mijini, na vijana wanazikimbilia kama kuku walioona mtama. Mzazi amekamua mfuko wake, au kijana ameweka akiba likizo baada ya likizo. Akifika kwa muuzaji anatazama nini? Rangi! Eti hii inang'aa, eti hii ina maandishi makubwa ubavuni. Kumbe kitu kinachofaa kutazamwa kwanza ni kile kibomba kilichojificha katikati ya fremu, yaani shokabzoba ya nyuma, au shoki kama wanavyosema mafundi.

Msimamo wangu nautoa waziwazi. Kwa mwanafunzi, shoki ya hewa ni bora kuliko ya springi ya chuma. Lakini naweka sharti: ichaguliwe kwa uzito wa mpandaji na kwa kipimo cha fremu. Asiyeweza kutimiza sharti hilo, heri achukue baisikeli isiyo na shoki nyuma, na hatakuwa amepoteza kitu.

Wengi wetu hudhani shoki ni mto wa kukalia. La hasha! Kazi yake kubwa ni kulifanya gurudumu la nyuma lishikane na ardhi, ili breki zishike na usukani usikutoroke penye mawe. Ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni springi, iwe ya chuma au ya hewa iliyoshindiliwa, nayo hubeba uzito. La pili ni mafuta yanayopenyezwa kwenye vitundu vidogo ili kutuliza mwendo wa kushuka na kupanda. Pasipo mafuta hayo, baisikeli hudundadunda kama mpira. Baisikeli nyingi za bei ya chini zina springi tupu bila mafuta. Hiyo, ndugu yangu, ni springi ya kitanda iliyopakwa rangi!

Sasa hoja zangu. Kwanza, sisi bado tunakua. Mtoto anayeingia shule ya upili akiwa na kilo 48 aweza kumaliza akiwa na kilo 65. Springi ya chuma huundwa kwa ajili ya uzito fulani. Uzito ukibadilika sana, sharti ununue nyingine. Shoki ya hewa huongezwa au kupunguzwa hewa, basi. Tena baisikeli zetu nyingi ni za nyumba nzima. Asubuhi anapanda dada, jioni anapanda kaka mwenye kilo 75. Ni springi gani ya chuma itakayowaridhisha wote wawili?

Kupima si kazi ngumu. Kwenye mti wa shoki huwa pana kijipete cha mpira. Kisukume hadi juu, panda ukiwa na mkoba wako wa vitabu, keti polepole bila kuruka, kisha shuka. Tazama kijipete kimesogea kiasi gani. Kwa kawaida shoki izame asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wake. Ikiwa mwendo ni milimita 50, basi kuzama kuwe milimita 12.5 hadi 15. Ikizidi, ongeza hewa. Ikipungua, toa kidogo.

Pili, shoki ya hewa ni nyepesi. Tofauti yaweza kufika gramu 300 hadi 500, na anayepanda vilima vya kwetu kila siku anajua maana ya gramu hizo. Tatu, hewa hukaza kadiri inavyozidi kubanwa. Ukiangukia shimo la ghafla, shoki haifiki mwisho kwa kishindo kwa urahisi.

Najua wapinzani wangu wanasema nini. "Springi ya chuma haivuji!" Ni kweli, siwezi kukana. Tena nitawapa na hoja nyingine bure: kwenye mteremko mrefu wa kasi hewa hupata joto na tabia ya shoki hubadilika, kwa hiyo wanaoshindana kuteremka milima wana sababu ya kupenda chuma. Lakini sisi tunakwenda shuleni, sokoni, na tukibahatika tunazunguka msitu wa Karura au mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha. Kuhusu kuvuja, nawauliza: John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi la hewa mwaka wa 1888, je, matairi hayakupata pancha? Yalipata, na yanapata hadi leo. Mbona hatukurudia matairi ya mpira mgumu? Tulijifunza kuziba pancha!

Vivyo hivyo shoki ya hewa yataka matunzo. Adui yake ni vumbi, na vumbi letu mnalijua. Pangusa mti wake kwa kitambaa safi kila baada ya safari. Watengenezaji wengine huagiza chumba cha hewa kifunguliwe, kisafishwe na kutiwa mafuta kila baada ya saa 50 za kuendesha. Anayeendesha saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, atafikisha saa hizo baada ya wiki 10. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza: fundi wa karibu anaweza kupata sili zake? Kama hapana, hapo ndipo penye utata.

Pampu nayo ni yake peke yake. Shoki huhitaji msukumo mkubwa wa hewa iliyo kidogo, na pampu yake nyingi hufika psi 300. Pampu ya tairi haitafaa, wala mashine ya petroli stesheni. Wala usipite kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye shoki.

Je, kipimo cha fremu ni kipi? Ni viwili: urefu kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti, na mwendo wa mti wenyewe. Shoki iliyoandikwa 210 kwa 50 ina urefu wa milimita 210 na mwendo wa milimita 50. Ukitia ndefu au yenye mwendo mrefu kuliko fremu inavyotaka, tairi laweza kugonga fremu, na fremu ikivunjika mteremkoni ni meno yako. Wala usiige psi za rafiki. Gurudumu likipanda milimita 130 huku shoki ikibanwa 50, nguvu inayoifikia shoki ni kama mara 2.6. Fremu yake si fremu yako, na kilo zake si kilo zako.

Ukinunua ya mitumba, kagua mti: mikwaruzo hapo ni sili iliyokatika. Ukiona mafuta yametapakaa, ogopa. Jaza hewa, ngoja hadi kesho yake, pima tena. Na ukikuta shoki imezama na haitaki kurudi hata ikijazwa, usiifungue! Hewa iliyonaswa ndani yaweza kuirusha ikuumize. Mpelekee fundi anayeijua.

Jamani, bei ya baisikeli hizi ni jasho la wazazi wetu. Nawasihi mwende kununua mkiwa na rula, uzito wenu mmeuandika, na maswali mdomoni. Muuzaji akikosa majibu, rudini nyumbani na pesa zenu. Rahisi huwa ghali, na kinachong'aa leo chaweza kukulaza hospitalini kesho. Mwenye hoja ya chuma na aandike katika toleo lijalo. Kalamu yangu i tayari. Alamsiki!