Jenereta Gani Yatufaa Uwanjani?

Wazazi na walimu wetu wanashauriana kununua jenereta ya vipaza sauti, itumike uwanjani siku za mahafali, michezo na ngoma. Shauri hilo ni jema, nami naliunga mkono. Lakini nimesikia baadhi ya wazee wetu wakisema, "Tununue kubwa, kubwa haishindwi." Hapo naomba ruhusa nitofautiane nao kwa heshima. Mimi naona yatufaa ndogo, tena ile isiyopiga kelele.

Tangu 2016 ada imefutwa katika sekondari za serikali, na mchango wa mzazi ni wa hiari. Shilingi itakayotolewa hapa Hombolo itatoka katika zabibu, alizeti, uwele au samaki wa bwawani. Kwa hiyo ni haki ya kila mtoaji ajue anachonunua.

Kwanza tupime vyombo vyetu vinakula umeme kiasi gani. Wengi hutazama namba kubwa iliyobandikwa mbele ya spika, wakaogopa. Namba ya "PMPO", hata iwe wati 3,000, ni maneno ya biashara tu. Geuza chombo usome nyuma, karibu na waya, palipoandikwa volti 230; huko ndiko ukweli uliko, na mara nyingine utakuta wati 60 tu! Hata amplifaya ya kweli ya wati 1,000 haitoi zote kila wakati, maana katika hotuba na nyimbo mna vituo na kushuka kwa sauti. Viwanda hukadiria matumizi yake ya kawaida kwa kutoa sehemu moja ya nane ya nguvu zake, yaani wati 125. Ongeza zinazopotea kwa joto, ongeza miksa na kompyuta ndogo ya nyimbo, hazitazidi wati 500. Kwa kuwa ngoma ikipigwa kwa nguvu umeme huvutwa ghafula, tuzidishe mara mbili: wati 1,000 za kudumu.

Nasema za kudumu, maana jenereta huandikwa namba mbili, na muuzaji hupenda kuonyesha ile kubwa, ambayo mashine huimudu kwa muda mfupi tu. Chukua mfano wa Honda EU22i: namba kubwa ni 2,200, lakini nguvu za kudumu ni wati 1,800. Tena sisi tunakaa zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Zitabaki wati 1,620. Zatutosha na kusaza.

Sasa kuhusu kelele. Jenereta ya kawaida lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Ikiwa inawasha taa moja au kumi, kishindo chake hakipungui sana, na injini ikisitasita, umeme nao huyumba na spika huvuma. Jenereta ya inveta hufanya vingine: umeme wa injini hugeuzwa kwanza, kisha hutengenezwa upya ukiwa safi, hivyo injini yaweza kwenda polepole mzigo ukiwa mdogo. Hunywa petroli kidogo, na mtu aliyesimama karibu nayo aweza kuongea bila kupayuka.

Jambo hili si dogo kwetu Wagogo. Muheme wa akina mama hauhitaji msaada wa mtu. Lakini zeze na marimba, vyombo alivyovijulisha duniani marehemu Hukwe Zawose, vina sauti laini, na maikrofoni haichagui: husikia zeze, husikia na injini. Vivyo hivyo mzee anayetoa nasaha kwa sauti ya uzee wake. Niliwahi kuhudhuria sherehe moja ambako jenereta kubwa ya kukodi iliwekwa nyuma ya jukwaa. Wazazi waliotembea tangu alfajiri waliona midomo ya watoto wao ikifunguka, wasisikie neno.

Nakiri kwamba inveta ina bei kubwa zaidi, na ikiharibika ubao wake wa ndani, fundi wa kijijini hana la kufanya. Hoja hii ni ya kweli. Basi fedha zikipungua, tusikimbilie kubwa. Tununue ya kawaida iliyo ndogo na waya mrefu. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezwa maradufu, kelele hupungua kwa desibeli 6. Waya wa milimita 2.5 wenye urefu wa mita 50, ukipitisha ampia nne, hupoteza kama volti nne tu. Upepo wetu hutoka mashariki siku nyingi; mashine na ikae magharibi ya watu, kelele na moshi viende zake. Zile ndogo kabisa za petroli iliyochanganywa na oili sizitaki, kwa moshi na mlio wake.

Yoyote itakayonunuliwa, apewe mtu mmoja wa kuitunza. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara, maana vumbi la kiangazi twalijua. Petroli isitiwe mashine ikiwa ya moto. Wala isichomekwe kamwe katika soketi ya darasa, maana umeme utarudi hadi nguzoni umkute fundi wa TANESCO anayedhani waya umekufa.

Naomba jambo moja kwa kamati: kabla ya kulipa, muuzaji aiwashe mashine yake mahali pa wazi, vipaza sauti vifungwe, na mzee mmoja apige zeze. Sisi wengine tukae mbali, nyuma kabisa, tusikilize.