Staa Kafika Ngara, Kaposti Chipsi Mayai: Ndizi na Maharage Zimemkosea Nini?

Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, ambaye akisafiri lazima dunia nzima ijue. Juzi kati alikamata barabara ya Nyakanazi kwenda Rusumo na timu yake nzima. Picha zilikuwa za moto kwelikweli: vilima vya Ngara vimepangana mpaka macho yanachoka, ukungu wa asubuhi, Mto Kagera pale mpakani na Rwanda. Likes zikamiminika kama mvua.

Halafu ikaja picha ya msosi. Chipsi mayai, tomato sosi juu, soda pembeni, na malalamiko kwamba huko vilimani pazuri ila hakuna cha kula.

Hakuna cha kula? Kagera? Mkoa ambao mtu akitoka mlangoni anakutana na mgomba kabla hajakutana na jirani?

Ukweli ni kwamba dada alikula alichoagiza. Angeuliza tu wenyeji wanakula nini, angeletewa kingine. Kuanzia Biharamulo na Nyantakara mpaka Ngara, sahani ya nyumbani inajulikana: ndizi za kupika, zimemenywa mbichi, zikachemshwa sufuria moja na maharage mpaka mchuzi ukawa mzito. Haina mbwembwe, lakini mtu akiila saa saba mchana, habari ya njaa ni mpaka usiku. Ugali wa muhogo nao upo, unaoteleza vizuri na kisamvu au dagaa wa Ziwa Victoria. Mvua zikikolea kuna uyoga wa porini, na asali ya misitu ya Biharamulo haihitaji kupigiwa debe.

Akisogea mpaka Bukoba ndiyo kabisa. Mwishoni mwa mwaka ni msimu wa senene, ambao wakishatolewa mabawa na miguu wakakaangwa kwa chumvi, wanatafunika kama bisi. Kuna kahawa kavu ya kutafuna, ambayo Wahaya humkaribishia mgeni tangu enzi za mababu. Na kuna rubisi: ndizi mbivu zinakamuliwa kwa nyasi, juisi inachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, inaachwa ichachuke. Dereva asiiguse. Asiyetumia kilevi aombe juisi kabla haijachachuka, tamu balaa.

Sasa wapo watakaosema, jamani, chakula ni hiari ya mtu. Sawa kabisa. Hakuna anayelazimishwa kula senene, na mwenye mzio na wadudu asijaribu kwa ajili ya sifa. Lakini kutopenda ni kitu kimoja, kutangaza kwamba watu hawana chakula ni kingine. Na kuna lile kundi la wachekeshaji wa mitandaoni, wanaoshika senene mmoja mbele ya kamera, wanakunja sura, wanatema, wanapata kiki. Nyuma ya kamera yupo mama aliyewakaanga, anacheka naye ili asiharibu biashara. Huyo hakuna anayempa like.

Na hapo ndipo pa kuangalia. Barabara hii ni ya malori na mabasi ya kwenda Rwanda na Burundi, na mama ntilie anapika kinachoagizwa, siyo anachokipenda. Kila gari likisimama abiria wakiulizia chipsi na wali kuku, sufuria la ndizi linabaki kuwa la familia. Kesho hapiki la kuuza. Miaka ikipita, mgeni atafika na kusema hakuna chakula cha asili, na safari hiyo atakuwa anasema kweli. Hela itakuwa imeenda kwa muuza mafuta ya kukaangia, wakati mkungu wa mkulima wa hapohapo umeivia shambani.

Migomba ya Kagera imeshapita mengi. Mwaka 2006 ulibainika ugonjwa wa mnyauko, wakulima wakalazimika kung'oa migomba yao kwa mikono yao, kukata maua dume na kusafisha panga kila baada ya mgomba mmoja. Watu walipambana ili ndizi isipotee. Itakuwa ajabu ikinusurika na ugonjwa halafu iuawe na aibu, kwa sababu tu kijana wa Ngara ameona staa wake anapiga picha vilima vyao na kukiruka chakula chao.

Wageni watazidi kuja. Burigi-Chato imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019, na imegusa mpaka Biharamulo na Ngara. Watakaokuja wataangalia simu kwanza kujua wale nini. Kwa hiyo mwenye wafuasi wengi ana nguvu kuliko bango la barabarani, apende asipende.

Na wala siyo kazi ngumu. Ndizi hazitaki haraka, kwa hiyo mjanja akishuka kwenye gari anaagiza kwanza, ndiyo anaenda kupiga picha zake, anarudi sufuria linatokota. Anamuuliza mama kwa heshima kama anaruhusu kurekodiwa. Analipa bei aliyoambiwa bila kuomba apunguziwe ili "amtangaze". Akishindwa kumaliza, anashukuru, anafungiwa, safari inaendelea.

Chipsi zipo Sinza, zipo Mwenge, zipo kila kona ya mjini mpaka usiku wa manane. Mtu kusafiri kilomita zaidi ya elfu moja kutoka Dar kwenda kula alichokiacha mtaani kwake siyo utalii, ni kubadilisha tu mandhari ya picha.