Mkorogo na Sifa ya Weupe

Katika visiwa vyetu, na huko Dar es Salaam pia, anapotajwa msichana wa kutoka Mbulu au Hanang jambo la kwanza kusifiwa ni rangi yake. Husemwa kuwa ni mweupe, na msemaji hudhani ametoa heshima. Sisi tunaona kuwa sifa hiyo imekwisha leta madhara, na kwamba viongozi wanaopambana na biashara ya mkorogo hawana budi kuitazama pamoja na makopo yanayokamatwa bandarini.

Wilaya hizo, zilizomo katika Mkoa wa Manyara tangu ulipoundwa mwaka 2002, zinakaliwa kwa wingi na Wairaqw na Wadatoga. Waandishi wa zama za ukoloni waliwapachika jina la "Wahamiti", wakidai kuwa asili yao i karibu na ya Wazungu na kwa hiyo ni bora kuliko jirani zao. Nadharia hiyo wasomi walikwisha itupa. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, jamaa ya Kisomali na Kioromo. Kidatoga ni ya Kiniloti. Na lugha haipimi rangi ya mtu. Atembeaye Katesh ataona watu wa kila rangi, tangu maji ya kunde hadi weusi tititi. Wadatoga wenyewe walikuwa na urembo wao: chale za duara kandoni mwa macho, vikuku vya shaba, vazi la ngozi. Iliyobaki midomoni mwetu ni kasumba ya mkoloni.

Visiwani nako hatuna la kuwacheka wengine. Bibi harusi alikuwa akisingwa kwa liwa na singo ili mwili ulainike na kunukia, na hapakuwa na zebaki humo. Leo wako wanaotaka abadilike rangi kabla ya siku ya harusi. Wenzetu wa India, ambao filamu zao tulizitazama miaka mingi katika majumba ya sinema ya Unguja, waliuziwa ndoto hiyo hiyo: Fair & Lovely iliingia sokoni huko mwaka 1975, na mwaka 2020 ilipobadilishwa jina kuwa Glow & Lovely, iliendelea kuuzwa.

Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha huingia mwilini ikaharibu figo, na kwa mja mzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka kwa urahisi. Steroidi hukondesha ngozi, na jeraha likachelewa kupona. Weusi huo unaochukiwa ndio kinga ya jua. Mwenye shaka na awaulize wataalamu wa KCMC, Moshi, ambako mafuta ya Kilisun yametengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, wanaopatwa na saratani ya ngozi kwa kukosa kinga ile ile ambayo wengine hulipa fedha kuiondoa.

Sheria zipo. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana huko Geneva kuwa vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Bara kuna Shirika la Viwango, Zanzibar kuna Wakala wa Chakula na Dawa. Lakini mkorogo, kama jina lake, hukorogwa: muuzaji huchanganya mafuta mawili matatu nyuma ya duka, akayauza katika kopo lisilo na maandishi. Mkaguzi anayesoma vibandiko bandarini hamwoni kabisa.

Kwa hiyo twaziomba taasisi hizo mbili zishirikiane, na wakaguzi wao wafike saluni na minadani, Katesh kama Darajani. Na kila bidhaa inapokamatwa, litangazwe kwa Kiswahili jina lake na kilichomo ndani yake, redioni na magazetini, ili mama aliyekwisha kuinunua aitambue nyumbani kwake.