MASHAURI YA SHAMBANI: Kuku Aachaye Mayai Yake

Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Walisema kweli, lakini hawakusema kwamba halitupi. Katika miji mingi, hasa wakati wa palizi ambapo watu hawana nafasi ya kuchungulia banda, huonekana mtetea aliyeatamia kwa bidii siku 10 au 15, kisha asubuhi moja yuko uani akichakura pamoja na wenzake, na mayai yake yamekuwa baridi kama mawe. Mwenye kuku hukasirika, humwita mvivu, na jioni kuku huyo yumo chunguni. Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki.

Tena ina hasara. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huyalalia, na kazi hiyo huifanya kama mara tatu au nne tu kwa mwaka. Basi kila aachapo mayai, robo au theluthi ya mazao yake ya mwaka imepotea. Na kwa mtu anayetegemea majogoo wachache kutimiza karo ya mtoto, hilo si jambo dogo.

Mshtakiwa wa kwanza ni utitiri. Wadudu hawa wadogo hujificha mchana katika nyufa za mbao na chini ya majani ya kiota, na usiku hutoka kumnyonya kuku damu. Kuku wengine hujiosha kwa vumbi mchana kutwa, lakini mwenye kuatamia hana nafasi hiyo. Hukaa akiliwa usiku hata usiku, mpaka avumilie asiweze tena. Mfugaji asiyeamini na aende bandani usiku na tochi, apitishe kitambaa cheupe katika nyufa za kiota. Akiona madoa mekundu, kesi imekwisha. Dawa yake ni kuchoma majani yote ya zamani, kumwagia sanduku maji yanayochemka, kuliacha likauke juani, na kutia majani mapya makavu. Unga wa pareto, zao ambalo liliwahi kuifanya Kenya ijulikane duniani kote, hupakwa chini ya manyoya ya kuku kabla hajalazwa juu ya mayai. Majivu makavu yaliyochanganywa na mchanga yawekwe karibu, ili ashukapo apate kujiosha.

Sababu ya pili ni njaa na kiu. Kuku anayeatamia hushuka mara moja kwa siku, dakika 15 au 20, ale, anywe na kunya, kisha arudi. Muda huo hauyadhuru mayai hata kidogo, na wale wanaomfukuza kuku arudi upesi wanamwonea bure. Lakini akikuta maji hayapo, au wenzake wamekwisha kula kila kitu, atakwenda mbali, na siku moja hatarudi. Punje za mahindi au mtama na maji safi karibu na kiota humtosha.

Yako pia makosa ambayo ni ya mwenye kuku mwenyewe. Kiota kikiwa wazi, kuku wengine huja kutagia papo hapo, wakimsukuma mwenyeji na kuongeza mayai mapya kila siku. Siku ya 21 mayai ya kwanza huanguliwa. Mama huwasikia watoto wake, hukaa nao siku moja au mbili, kisha huinuka na kuwaongoza nje, na mayai yaliyochelewa hubaki nyuma na vifaranga hai ndani yake. Watu husema ameyaacha. Lakini angefanya nini? Dawa ni kuyatia mayai yote alama ya kalamu ya risasi siku ya kwanza, na kuondoa kila siku lile lisilo na alama. Vilevile haifai kumpa kuku wa kienyeji mayai ya bata bukini wala ya bata wa kawaida bila kukumbuka hesabu: bata wa kawaida huhitaji siku 28, na yule mwenye uso mwekundu wenye vinundu siku 35. Si kila kuku atakaye kukaa muda huo.

Kumhamisha kuku mchana ni kumkaribisha akimbie. Ahamishwe usiku, alazwe kwanza juu ya mayai mawili matatu yasiyo na thamani, na akitulia siku mbili apewe yale mazuri, 10 au 12 yanatosha. Tembe wa uzazi wa kwanza apewe machache. Tena, kuku wa Leghorn na kuku wa kienyeji walioboreshwa katika kituo cha utafiti cha Naivasha walichaguliwa kwa wingi wa mayai, si kwa kuatamia. Mayai yao ni bora kuwekwa chini ya mtetea wa kienyeji wa kawaida.

Na mayai yakikutwa yameachwa? Yasitupwe kwa haraka. Baridi ya usiku kucha huweza kuua kiinitete, lakini katika siku za mwisho kifaranga huwa na joto lake kidogo na huweza kustahimili saa kadhaa. Yai lishikwe gizani mbele ya tochi: likionyesha mishipa myekundu kama utando wa buibui, au kivuli kikubwa kinachocheza, lina uhai, likiwa jeupe tupu halikuwa na mbegu. Yaliyo hai yatiwe usiku chini ya kuku mwingine anayeatamia. Kwa sababu hiyo wafugaji wazoefu huwalaza kuku wawili usiku mmoja: mmoja akishindwa, mwenzake huyapokea. Asipokuwapo mwingine, yule yule arudishwe gizani katika kiota kilichosafishwa, afunikwe kwa tenga mpaka asubuhi.

Aliyeacha mara moja asamehewe. Aliyeacha mara mbili, kiota kikiwa safi na maji yakiwa karibu, huyo na atage tu, na mayai yake apewe jirani yake.