Pasipoti ya binti wa delta

Binti wa Mbwera, katika delta ya Rufiji, aliyepata kazi za ndani Oman huanza safari kwa kusubiri maji yajae ili boti itoke kwenda Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti. Mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga. Bila cheti hicho na kitambulisho cha taifa hakuna pasipoti, na ada yake, Sh150,000 tangu ile ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018, ni fedha nyingi kwa nyumba inayoishi kwa kamba na mpunga.

Hapo ndipo dalali anapoingia. Analipia kila kitu, anashika karatasi zote, na wapo mabinti wanaoiona pasipoti yao kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilieleza yaliyowakuta Watanzania wengi Oman na Falme za Kiarabu: kunyang'anywa pasipoti, mishahara pungufu, kazi bila mapumziko.

Tunaitaka serikali ipeleke usajili wa vizazi na vitambulisho hadi visiwa vya delta, kabla dalali hajafika. Leseni ya wakala ithibitishwe wizarani. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wazazi, mshahara na siku ya mapumziko vikiwa vimeandikwa. Nakala ya pasipoti ibaki kwa mama. Namba ya ubalozi wetu Muscat binti aikariri kichwani, maana simu nayo huchukuliwa.