Bei ya Kununua, Hali ya Kukodi

Biashara ina adabu yake tangu enzi na enzi. Muuzaji hutaja bei, mnunuzi hutoa fedha, kitu huhama mkono, na baada ya hapo muuzaji hana tena neno juu yake. Mwenye kukodi naye ana yake: hutumia kwa muda, hurejesha, na hulipa kidogo kwa kuwa hakimiliki. Watu wa mwambao hawakupata kuyachanganya mambo haya mawili, na fiqihi imeyapa majina mbalimbali, bai na ijara, ili kila mtu ajue haki yake inapoanzia na inapokomea. Katika soko la michezo ya video mpaka huo umefutwa. Mchezaji hutozwa bei ya bai, kisha hukabidhiwa ijara isiyo na muda, ambayo hata mkodisha baiskeli hathubutu kuitoa.

Mchezaji wa siku nyingi ana cha kulinganisha. Kaseti ya Super Mario Bros., mchezo uliotoka Japani mwaka 1985, ikichomekwa leo katika mashine yake iliyo nzima, mchezo huwaka. Hauombi ruhusa ya kampuni wala hauulizi intaneti. Kaseti hiyo huazimwa, huuzwa, hurithiwa. Ulinganishe na The Crew, mchezo wa mashindano ya magari uliotolewa na Ubisoft mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake zilizimwa, na mchezo ukafa kwa wote, hata kwa aliyekuwa na diski kabatini, hata kwa aliyependa kucheza peke yake. Wanunuzi wa California walipokwenda mahakamani, kampuni ilijitetea kwamba walichonunua ni leseni tu.

Ajabu ni kwamba utetezi huo una mashiko katika maandishi ya mikataba, yale maandishi marefu ambayo kila mtu huyakubali bila ya kuyasoma. Ndiyo maana jimbo hilohilo lilitunga sheria, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuza bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni. Sheria hiyo haimrejeshei mtu mali yake. Inamrejeshea ukweli wa neno, na hilo peke yake linaonyesha neno lilivyokuwa limeharibika.

Yako majibu ya wenye makampuni, na si yote ya kupuuzwa. Husema seva zina gharama, na hakuna anayeweza kuziwasha milele. Ni kweli. Lakini nani aliyewataka waziwashe milele? Vuguvugu la Stop Killing Games, lililoanza mwaka 2024 na kukusanya saini zaidi ya milioni moja barani Ulaya kufikia Julai 2025, linadai jambo dogo: kampuni inapoondoka, iuache mchezo katika hali ya kuchezeka. Anayehama nyumba aliyokwisha kuiuza haondoki na paa.

Hata hivyo, kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2006 Bethesda ilipouza deraya ya farasi katika mchezo wa Oblivion kwa dola 2 na senti 50, wachezaji wa Xbox 360 walicheka na kukejeli. Wengi walicheka huku wakilipa. Aliyehesabu fedha hakusikia kicheko. Kutoka deraya hiyo njia ilinyooka hadi visanduku vya bahati, ambavyo mtu huvilipia asijue kilichomo ndani. Mwaka 2017 Star Wars Battlefront II iliamsha hasira duniani kwa visanduku hivyo, na mwaka 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji ikaamua kwamba vya aina hiyo ni kamari. Kamari iliingia chumbani kwa watoto ikiwa imevaa nguo za mchezo, na mlango ulifunguliwa na wazee wao.

Tabia ya kulipa kabla mchezo haujatoka ni ya ajabu zaidi. Zamani ilikuwa na maana, kwa kuwa kaseti ziliweza kumalizika dukani. Nakala ya kidijitali haimaliziki. Anayeilipia miezi kadhaa mapema hununua mbuzi ndani ya gunia, na humwambia mtengenezaji kwamba kazi mbovu nayo italipwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu husifiwa kabla hajapanda mnazi.

Hasara yenyewe si ya fedha peke yake. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Michezo hii ni kazi ya wachoraji, wanamuziki na watunzi. Jamii isiyokubali kuona diwani zake zikichomwa haina sababu ya kutazama sanaa hii ikizimwa kwa swichi.

Katika vibanda vya kuchezea vya Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, mtoto hulipa kwa muda au kwa mechi, hucheza mpira wake wa PlayStation, kisha humpisha mwenzake. Anajua amekodi, na bei aliyotoa ni ya kukodi. Mtoto huyo hakudanganywa. Aliyedanganywa ni mtu mzima aliyetoa dola 70 akiamini kwamba amenunua. Naye dawa anayo mfukoni: asilipe kabla ya kuona, asitoe bei ya mali kwa kitu cha kukodi, na asicheke huku akifungua pochi.